Bega la Mbuzi

Mume wangu alianguka kutoka kwenye mti wa makadamia shambani kwetu, nje kidogo ya Karatina, akagonga kichwa. Alitibiwa hospitalini Nyeri, akarudi na akili zake zote. Aliwajua watoto, akajua ng'ombe yupi hupiga teke, akakumbuka hata kibanda cha chai kule Ruring'u tulikokutana. Kitu kimoja tu hakikurudi.

"Najua wewe ni bibi yangu," aliniambia asubuhi moja. "Hiyo sijasahau. Lakini nikikuangalia, ndani hakuna kitu nasikia."

Nilimrudisha kwa daktari, nikitaka dawa. Daktari akanieleza kwamba moyo ni pampu tu. Mapenzi hutoka kichwani, ndani kabisa ya ubongo, kwenye sehemu zinazochangamka ukimwona mtu wako na kukumwagia raha. Za mume wangu zilikuwa zimeumia. Huenda zikapona, huenda zisipone. Nilimchukia yule kijana wa koti jeupe kana kwamba ndiye aliyemsukuma mtini.

Basi nikaamua turudie ngurario. Kwetu, mwanamume huhesabiwa ameoa siku anapokata bega la mbuzi mbele ya wazee na kumlisha mkewe. Mama mkwe akaniambia jambo hilo halirudiwi.

"Mami," nikamjibu, "kwani hii yenye imenipata ndiyo hufanyikanga?"

Mwishowe mbuzi alichinjwa.

Nilivaa gauni langu la ngurario ya kwanza, likinibana kila mahali, huku nikimwomba Mungu kama mwendawazimu. Mume wangu akashika kisu. Mkono wake haukuwa umesahau. Alipapasa kiungo kwa kidole gumba, akakata bila kugusa mfupa, akanitilia mdomoni kipande laini kuliko vyote. Wazee wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nikimtazama machoni tu, nikitafuta.

"Nimefanya vizuri?" akaniuliza kwa adabu, kama fundi anavyomuuliza mwenye nyumba.

"Vizuri sana. Na umesikia kitu?"

Alifikiri kwanza. Hajawahi kuwa mtu wa kunidanganya.

"Pole, mama watoto."

Nilimpenda vibaya sana saa hiyo, mbele ya watu wote, nikatamani nami nipasuliwe kichwa, hicho kitu kitolewe, ili tukae sawa.