Niliandika kwa mkono wangu kwamba msitu wetu hautumiki

Admin, nifichie jina, nakuomba kwa jina la Mungu. Nina miaka thelathini na sita, mke wa mtu, watoto wawili, mkubwa wa kike. Naishi kijiji kimoja cha ndani huku Lindi, unapita Kitomanga kisha unaiacha lami. Tunalima korosho na ufuta. Mdomo ninao, huku wote wananijua kwa hilo, lakini hili la wiki hii sijui nimwambie nani.

Iko hivi. Mwaka juzi walikuja watu wa kampuni inayotaka kulima mkonge, wameongozana na afisa ardhi kupima ardhi ya kijiji. Wakatafuta mwanakijiji mwenye mwandiko mzuri awe karani wao wa kuuliza maswali. Nilimaliza kidato cha nne, nikachukuliwa mimi. Jamani, nilivyoringa! Natembea na faili kwapani, hata mashoga zangu siwasalimii.

Mashamba niliandika, visima niliandika, makaburi niliandika yote. Likabaki swali la msitu ulio nyuma ya kijiji. Hilo wakalileta kwenye mkutano wa hadhara pale shuleni, wanaume wamejaa, kamera zimewashwa. Afisa akauliza, "Akina mama, huo msitu mnautumia kwa kazi gani?"

Wa huku kwetu mmeshanielewa. Mle ndimo tunamochezwa unyago, mama zetu na bibi zetu wote. Mwanamume hapiti, na mwanamke hapataji mbele ya mwanamume. Yanayofanyika mle sitayasema hata hapa, msiniulize. Tuliapishwa, tukaambiwa atakayeyatoa nje atazika watoto wake.

Basi wanawake wakainamisha vichwa. Bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye kungwi wetu, akawajibia wote: "Hatuendi huko, baba. Kuna nyoka." Watu wakacheka. Na mimi niliyechezwa mlemle nikaandika: Hautumiki. Wallahi nilijiona shujaa, nimelinda siri.

Mwezi uliopita tumeamka miti imepakwa rangi nyekundu. Kumbe msitu wote umeingizwa kwenye shamba la kampuni. Bibi akaenda ofisi ya kijiji analia, mtendaji akamfungulia karatasi. "Shikamoo bibi. Lakini si ninyi wenyewe mlisema hamwendi?" Bibi hajui kusoma, ila mwandiko wangu anaujua.

Ndipo akaja dada mmoja mwanasheria wa haki za binadamu. Yeye aliwatoa kwanza wanaume nje, ndiyo maana tulimwambia kuna jambo. Akasema, "Serikali yetu imeahidi mbele ya mataifa kwamba itawalinda. Na kampuni, hata itoke wapi, ina wajibu wa kuheshimu haki zenu. Kumuuliza mtu jambo la siri hadharani si kumuuliza. Ridhaa ya hivyo si ridhaa." Nililia kama mtoto.

Lakini akasema upimaji hautarudiwa hivihivi. Kuna kikao Alhamisi, palepale shuleni, kampuni itakuwepo na wilaya itakuwepo. Lazima karani aliyeandika asimame aseme alichoandika sicho alichokijua, na msitu ule ni wa nini. Tuliomba wanawake tusikilizwe peke yetu, wilaya wamekataa, eti kikao ni cha wananchi wote. Yaani kosa lilelile wanalirudia! Nikamuuliza, je, nitafungwa? Akasema atanitetea. Sasa hilo ni jibu gani?

Mume wangu ni mlinzi wa kampuni hiyohiyo na anajua nilikuwa karani, ila hajui niliandika uongo. Juzi tunakula akasema, "Wanasema kuna mtu aliwadanganya kuhusu msitu. Akijulikana ni nani, ataozea ndani." Nikamwongezea mboga.

Nikakimbilia kwa bibi anipe ruhusa, maana yeye ndiye aliyeniapisha. Alikuwa anapeta ufuta, hakuniangalia. Akasema, "Ukisema, mimi sikujui. Na usiposema, msitu ukilala chini, sikujui vilevile." Akaendelea kupeta. Ndugu zangu, naogopa. Naogopa jela, namwogopa mume wangu, lakini kile kiapo ndicho kinachonimaliza. Mwanangu mdogo wa kiume akikohoa tu mimi nahesabu, kiapo ndicho hicho kimeanza. Mtaniita mshamba, sawa, lakini nyie hamkuwepo siku ile.

Binti yangu ana miaka kumi na mitatu, wenzake wote wameshachezwa. Jana ananisuka, akaniuliza, "Mama, na mimi mtanipeleka lini?" Jibu lake liko wilayani, kwa mwandiko wa mama yake.

Leo ni Jumanne. Wanawake mliopita unyago, semeni nami kwanza, wengine mfuate: keshokutwa nisimame, au nikae kimya?