Kanga Juu ya Mashine ya Hewa

Kituo chetu cha kupima hewa kiko juu mlimani, mbele ya Nanyamba, mahali ambapo mtu wa Mahurunga kama mimi akifika mara ya kwanza hutafuta pa kujishikilia. Kwetu bondeni nchi imelala bapa kama mkeka. Huku juu mawingu yanapiga hodi. Nilipanda kwa sababu nimeoa huku, na kwa mila za huku mwanaume ndiye anayehamia kwa mkewe. Kazi ya kutunza mashine niliipata kwa cheti cha kidato cha nne, masomo ya jioni, ambacho nilikisotea mpaka walimu wakastaafu wakinisubiri.

Mashine yenyewe ni sanduku jeupe juu ya nguzo, nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Inavuta hewa kwa feni ndogo na kupeleka majibu mjini kwa laini ya simu. Mimi naipangusa na kuifukuzia nyigu.

Iliwekwa kwa ajili ya salfa, unga wa njano tunaopulizia mikorosho ikichanua ili ugonjwa wa ubwiri unga usikaushe maua. Hupulizwa alfajiri, umande ungali majanini, upate kunasa. Mke wangu ndiye fundi wa bomba la kupulizia hapa kijijini, na kila msimu anakohoa mpaka kuku wanaanguka mitini. Mradi ulioileta mashine ulituahidi kwamba mashine ikionyesha hewa ya alfajiri ni chafu, wapuliziaji watapewa barakoa za maana, siyo kipande cha kitenge.

Wiki ya kupuliza ilipokaribia kwisha, msimamizi wetu wa mradi alilala Nanyamba, akatufikia kwa pikipiki kabla jua halijachomoza. Ndiyo maana siku hiyo sikwenda shamba kumbebea mke wangu salfa kama kawaida.

"Mzee wa mlimani, hongera," akasema. "Wiki nzima hewa yenu safi kuliko ya hospitali. Barakoa za nini tena?"

Nilimtazama. Wiki hiyo mbwa wangu mweupe alikuwa wa njano.

Bomba likaanza kunguruma shambani. Mama mkwe akatoka, akafunika mapipa ya maji, akapanda kigoda na kuifunga mashine kwa kanga yake, fundo safi kabisa.

"Shikamoo, mama. Na hiyo pia unaifunika?"

"Marahaba, mkwe wangu. Kila siku mkishakwenda shamba naifunika, kukitulia naifunua. Kitu cha watu kikiharibika kwetu tutasema nini?"

Huku maji yanapanda mlima kwa baiskeli, na salfa ikianza kuruka unafunika kwanza unachokithamini. Mashine ilikuwa imepewa heshima ya maji.

Msimamizi alicheka, kisha akaninong'oneza. "Iache hivyohivyo. Wakubwa wamefurahi. Ukitaja kanga watasema kituo kimetushinda, na kazi yako ndiyo basi."

"Basi waambie wamepima kanga. Kweli ni safi, mama anajua kufua."

"Nyie wa masomo ya jioni mna vichwa vigumu."

"Ungebeba saruji kutwa nzima halafu ukafundishwe aljebra, na chako kingekuwa zege."

Tatizo lilikuwa lile fundo. Mkwe hagusi kanga ya mama mkwe wake, hata nyumba ikiungua. Nikabaki chini ya nguzo, mikono nyuma.

"Mama," nikasema, "hiki kitu kimeletwa kuila salfa. Kisipoila hiki, anaila mwanao peke yake."

Bomba lilinyamaza kidogo, tukamsikia mke wangu anakohoa huko mikoroshoni. Mama akapanda tena kigoda, akafungua fundo mwenyewe.

Unga ukaja kama ukungu wenye hasira. Msimamizi akaanza kurudi nyuma akiziba pua.

"Simama hapa," nikamwambia. "Si hewa ya hospitali hii? Vuta."

Mama mkwe akamtupia kanga. "Jifunike, baba. Kitu cha watu wewe."

Aliondoka na shati la njano, na vipimo vya wiki ile vikafutwa kwenye taarifa. Barakoa bado hazijafika. Mimi bado nipo kazini, na kila alfajiri salfa ikiruka mama mkwe hufunika maji, kisha huketi karibu na nguzo kuhakikisha hakuna anayeifunika mashine, mimi nikiwemo.