Glavu za Kipa wa Akiba

Nina wivu, na wala sifichi. Wengine wana kisukari, mimi nina wivu, na wangu una jina: unaitwa Sumaku. Ukipita kwenye kibanda changu cha viatu, pale chini ya ngazi za jengo la ofisi za bima, ukanikuta nimekunja uso nagonga soli kwa hasira, ujue kuna mteja ametoka kumtaja Sumaku. "Fundi, wewe si ulicheza naye? Hebu tuambie alikuwaje." Alikuwa mrefu, nawajibu, halafu nawaambia viatu vyao waje wiki ijayo.

Tulikuwa makipa wawili wa timu moja. Yeye alidaka, mimi nilikaa benchi, misimu tisa mizima. Yeye akaitwa Sumaku kwa sababu mpira ulikuwa unanasa mikononi mwake. Mimi nikaitwa Akiba kwa sababu nilikuwa kipa wa akiba, na jina likaniganda mpaka leo. Hata mke wangu ananiita hivyo hivyo. Na Sumaku hakuwahi kunikosea, hilo niliseme. Ndilo linaloniuma zaidi. Angekuwa mtu wa maringo ningemchukia nikalala usingizi wangu. Lakini jamaa muungwana, ana salamu mpaka kwa paka, sasa mtu kama huyo unamchukia unaanzia wapi?

Kilichotokea kwenye fainali ni hiki. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, uwanja ukawa tope tupu. Dakika ya mwisho kabla ya penalti Sumaku akaanguka vibaya, bega likateguka. Timu yetu ilikuwa na jezi moja tu ya kipa, ya kijani, yenye namba moja kifuani na mgongoni. Ya pili haikununuliwa, maana Sumaku hakuwa mtu wa kuumia. Akaivua huku anaguna kwa maumivu, nikaivaa ingali na jasho lake, pale pale nyuma ya goli, na mtangazaji wa redio kule juu alikuwa haoni hata mstari wa kati. Mwamuzi aliandika mabadiliko kwenye karatasi yake, na karatasi za waamuzi nani anazisoma? Glavu tu ndizo zilikuwa zangu. Nilizishona mwenyewe, viganja nikavitia viraka vya tyubu ya baiskeli ili mpira uliolowa usiteleze. Nikadaka penalti mbili, tukabeba kombe. Mpiga picha akaniwahi nimeinua mikono juu, uso wote tope, viraka vinaonekana, namba moja kifuani. Kesho yake gazeti likaandika kwa herufi kubwa kwamba Sumaku ameleta kombe.

Sumaku alinifuata nyumbani mkono ukiwa kwenye bendeji. "Akiba, twende gazetini wakasahihishe." Nikamwambia siendi kwa mtu kuomba kilicho changu, watanifuata wao. Akaenda peke yake. Wakampa soda, wakamsifu kwa unyenyekevu wake, wakamsindikiza mpaka mlangoni. Mimi nikakaa nawasubiri. Huu ni mwaka wa thelathini na moja.

Halafu nikaoa. Mke wangu alikuja na sanduku la nguo, na ndani ya sanduku mlikuwa na ile picha. Aliikata gazetini tangu akiwa shuleni, akaibandika kwenye kadibodi. "Huyu nilikuwa nampenda sana," akaniambia anacheka, akaitundika sebuleni juu ya redio. Sasa nieleze mimi nifanye nini. Mwanamume nimeketi nakula chakula changu, namwonea wivu mwanamume aliye ukutani, na aliye ukutani ni mimi. Ningemwambia angesema wivu umenipanda kichwani, sasa nataka kumpora mwenzangu hata picha. Nikanyamaza, na kunyamaza nako mtu huzoea.

Mwezi uliopita akaja mama mmoja, mnunuzi wa kumbukumbu za michezo, mtu wa kuvaa glavu nyeupe za kitambaa ndipo ashike vitu vya watu. Alikuwa amesikia kwamba niliwahi kuwa kwenye timu ile. Tukamtolea boksi la chini ya kitanda: tiketi, ratiba za mechi, na suti yangu ya mazoezi niliyovaa benchi. Akaigeuza ile suti mbele na nyuma, akairudisha.

"Hii haijachezewa," akasema. "Sisi tunanunua vilivyochezewa."

"Ni kweli," nikasema. "Hiyo imekaliwa."

Mke wangu akacheka mpaka akashika mlango. Kisha yule mama akafika kwenye glavu, chini kabisa ya boksi. Akaona viraka, akatoa simu, akafungua ile picha, akalinganisha kiraka kwa kiraka.

"Hizi ni glavu za Sumaku," akasema. Hakuuliza, alisema. Akataja bei, na mke wangu akatafuta pa kukaa. "Zilifikaje kwako, mzee?"

Wanawake wawili wananitazama. "Aliniachia," nikasema. Sijui lilitoka wapi neno hilo, lakini lilitoka kinywani mwangu. Akasema atarudi baada ya wiki na karatasi niisaini, kwamba hizi ndizo zilizovaliwa na Sumaku kwenye fainali. Bila saini hiyo, akasema, ni ngozi kuukuu na vipande vya tyubu tu.

Wiki ile nyumbani hapakukalika. "Miaka yote nafagia nikizizunguka kama mke mwenzangu," mke wangu aliniambia. "Jikoni mvua inanyesha mle mle ndani, na wewe umeng'ang'ania glavu za mwanamume mwingine." Kila aliposema za mwanamume mwingine nilitamani kupasua kitu. Nikiuza, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba siku moja niliyodaka maishani sikudaka. Nisipouza, nabaki na ukweli wangu chini ya kitanda pamoja na vumbi. Siku ya nne nikachoka. Kama dunia nzima inamtaka Sumaku, nikasema, basi wamchukue, na glavu zangu wazichukue.

Kosa nililofanya ni la kifundi. Kidole gumba cha glavu ya kulia kilikuwa kimefumuka, na mimi mkono wangu haujui kumkabidhi mtu kitu kilichofumuka. Asubuhi ya siku ya kuuza nikachukua sindano na uzi wa nta, nikakishona. Yule mama akaja, nikasaini, akainua glavu apige picha, akaganda.

"Nani ameshona hapa?"

"Mimi, asubuhi hii. Tulia tu, imeshika."

Akavuta miwani, akaangalia kidole, akaangalia vile viraka. "Huu mshono mpya na huu wa zamani ni mkono mmoja," akasema, na sura ikabadilika. Alidhani nimezishona zote juzi kwa kufuata picha, nimuuzie feki. Nikaanza kujikanyaga, mara nilikuwa namshonea Sumaku, mara alikuwa analeta nyumbani. Hakubishana na mimi. Akampigia Sumaku mwenyewe.

Sumaku anakaa mitaa miwili kutoka kwetu, hakuchelewa. Akaingia kwa kuinama, akamwamkia shemeji yake, akauliza watoto, akauliza na mguu wa mama mkwe. Ndipo akachukua glavu. Akazigeuza mara moja tu.

"Ni zenyewe za fainali," akasema. "Ila si zangu, sijawahi kuzivaa. Mimi nilikuwa nje bega limeteguka. Aliyedaka zile penalti ni huyu hapa."

Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akasimama hapo hapo.

Yule mama akatabasamu. Kusikia ni zenyewe kulimtosha. "Mzee wangu, unyenyekevu wako tunaujua, hata gazetini uliwahi kusema hivyo. Lakini rafiki yako amesaini kwamba wewe ndiye uliyezivaa."

Sumaku akasoma ile karatasi polepole mpaka kwenye saini yangu. "Akiba," akasema, "kila nikiwaambia watu wananiuliza, kama ni yeye mbona mwenyewe hasemi? Leo upo hapa. Sema basi."

Maneno hayo niliyangoja miaka thelathini na moja. Niliyataka kwa mwandishi, kwa kocha, hata kwa mlevi wa njiani ningeyapokea. Na aliyeniletea ni yeye, kwa upole wake ule ule, na mimi nitakiwe kusema asante. Nikikubali, itakuwa ni Sumaku kanipa. Hata fainali yangu itakuwa imetoka mkononi mwake. Nilisikia wivu unanipanda mpaka masikio yakawaka.

"Zilikuwa zake," nikamwambia yule mama. "Mzee ameanza kusahau."

Sumaku aliziweka glavu mezani taratibu, akatuaga wote, akatoka. Yule mama akazifunga kwenye karatasi laini, akalipa, naye akaondoka.

Tukabaki wawili. Mke wangu akaweka sinia chini, chai imeshapoa.

"Kumbe ulidaka wewe," akasema.

"Nani kasema?"

"Sumaku."

"Si umenisikia nikisema ni zake?"

"Nimekusikia." Akaanza kukusanya vikombe ambavyo hakuna aliyevigusa. "Ila mimi nimemwamini yeye."