Mbuzi wa Ushindi

Jirani yangu anababua kichwa cha mbuzi nyuma ya ukuta wake. Harufu ile ya manyoya na moshi imenirudisha uani kwetu Gongoni, jioni tuliyofungwa na timu ya misheni.

Baba, mchinjaji wa mtaa, alikaa kwenye kigoda amenuna. Uwanjani sisi Waislamu tuliwazomea kuwa wanaabudu sanamu. Wao Wakatoliki wakatujibu kuwa dua zetu zimechacha. Nusura watu wazichape. Na mbuzi wa mshindi, aliyetolewa na balozi wa nyumba kumi, walimchukua wao.

Mara tukasikia hodi. Alikuwa golikipa wao, magoti yamechubuka, anamvuta mbuzi kwa kamba.

"Shikamoo, mzee."

Baba alimkazia macho yule mbuzi. "Marahaba. Umekuja kututambia?"

"Tunaomba utuchinjie."

"Kwenu hakuna visu?"

"Vipo. Ila tukichinja wenyewe, ninyi hamtakula. Sasa tukila peke yetu, tutamtambia nani?"

Baba aliuma midomo asicheke, kisha akanituma kisu na birika la maji. Akamlaza mbuzi kuelekea kibla, golikipa akashika miguu.

"Kaza mikono, ndugu! Mipira yetu yote umedaka, mbuzi atakushinda?"

Akapiga bismillahi.

Tulikula wote palepale uani, sisi na watu wa misheni, baba na golikipa sinia moja, mafuta yakiwachuruzika hadi viwikoni.

"Mbuzi wenyewe mgumu," baba alisema kwa sauti, misheni nzima isikie, huku mkono wake ukirudi tena kwenye sinia.