Mhina wa Juu ya Jiwe

Watu wa Chake wakija huku Vitongoji kununua pweza, hupita nyuma ya jiko letu wakaonyeshana kwa kidevu: "Ndio ule mhina uliomuunguza bibi harusi." Ati mti umeunguza mtu! Mti hauna mkono, hauna ulimi, haujamkimbiza mtu tangu uote. Miaka yote nikiwaachia wapite, maana nikianza kusema sinyamazi, na mwisho wa maneno nitajikuta najisema mwenyewe. Haya, leo nasema. Bi Time keshazeeka, nami sichelewi kumfuata, na sitaki kuondoka na haki ya mtu kibindoni.

Bi Time ni mke mwenzangu. Yeye mkubwa, mie mdogo. Vuai alinioa miaka minne baada ya Mapinduzi, kwa sababu Bi Time hakujaaliwa mtoto, akanileta uwanja mmoja naye, nyumba mbili zinatazamana na jiko moja katikati. Nilijitayarisha kwa matusi, nilikuwa na yangu kadhaa nimeshayanoa. Wallahi hakunitukana. Alikwenda kwao Kengeja, akarudi na vijiti vitatu vya mhina vimeviringishwa kitambaa kibichi, akavichomeka kwenye ufa wa jiwe nyuma ya jiko. Nami, bibi harusi wa siku tisa, nikacheka kwa makusudi ili asikie.

"Bi Time, hapo hapaoti hata pilipili."

"Wewe umeletwa juzi na umeshashika," akanambia bila ya kugeuka. "Nao utashika."

Huku kwetu si kule kwenye mikarafuu, kwenye udongo mwekundu unaoganda miguuni. Huku ni maweni. Jiwe limetoboka matundu, udongo wake ni konzi moja ndani ya shimo, na upepo unaokuja unakuja na chumvi. Vijiti viwili vilikufa. Cha tatu kikakaa mwaka mzima vile vile, hakiongezi hakipunguzi, kisha baada ya mvua za vuli kikatoa majani mawili yanatazamana, kama mie na yeye na vibaraza vyetu. Na mhina wote ndivyo uendavyo, jani na mwenzake, jani na mwenzake, mpaka nchani.

Ukishashika basi haung'oki. Ulipanda ukanipita kimo, matawi membamba yamepishana, na tawi likizeeka ncha yake inakuwa mwiba. Kiangazi kikali, mihogo inajikunja, mbuzi wanatafuna makuti ya paa, mhina uko kijani. Ukichanua unatoa vichala vya maua madogo, meupe yaliyoingia unjano, na harufu yake inakufuata mpaka ndani ya chandarua. Kisha vinakuja vitunda vya duara, ukikipasua kimoja mbegu zake ni nyingi kama za mchicha.

Siku moja nikauhurumia, nikaumwagia ndoo ya maji. Lo! Alinijia juu kama nimempiga mwanawe.

"Usiudekeze, Mgeni! Mhina ukidekezwa unatoa majani makubwa na rangi ya chai."

Nilidhani maneno ya ukewenza tu, lakini ni kweli. Wenzetu wa upande wa karafuu wana mihina minene, majani yamejaa, ukipaka hina yake siku ya saba haipo. Wa Bi Time, kwa ile kiu yake juu ya jiwe, ulitoa wekundu ulioiva, na bibi harusi alirudi kwao kusalimia baada ya mwezi mkono ungali unasema. Ndipo wakaanza kuja, kutoka Chake, kutoka Wete, mpaka Shumba kule juu.

Kazi yake ilikuwa na taratibu. Alichuma majani machanga, akayaanika kivulini, akayatwanga, akayachunga kwa kitambaa chepesi cha ukaya, akakanda kwa ndimu, akaiacha hina itulie. Na kabla ya kumgusa mwari, alitia tone moja kwenye kiganja chake mwenyewe cha kushoto, akafumba ngumi, akakaa kimya akisoma uradi mpaka likauke. Kisha anafumbua, anatazama. "Mkono wa mtu si ubao," alikuwa akisema. "Kwanza mie." Kwa hivyo kiganja kile hakikukosa doa jekundu hata siku moja. Watoto wakimwamkia walikuwa wanakifunua walitazame.

Sasa Mize. Mize ni mtoto wa kaka yake Bi Time. Mamake alikufa, akaletwa kwetu na miaka saba, kichwa kimejaa chawa. Bi Time alimnyoa, akamlisha, akamsomesha, akamfundisha kushika kijiti cha ukuti na kuchora ua lisilotetemeka. Macho ya Bi Time yalipoanza kuingia mtoto wa jicho, Mize ndiye aliyekuwa akichora na shangaziye anakanda. Mwanangu Ahmada akamtaka. Posa nilipeleka mwenyewe, kutoka kibaraza changu mpaka kibaraza cha pili, na Bi Time alicheka mpaka akatoka machozi. Akasema sasa tumekuwa ndugu, tupende tusipende. Mimi nilifurahi, sitosema uongo. Nilikuwa na mkwe mzuri na sikumfuata mbali.

Mwaka ule ule akaja Bwana Sleiman, muuza nguo wa Chake, watu wake zamani walikuwa na mashamba. Binti yake Thuraiya anaolewa na watu wa Unguja, na anataka mkono wa Bi Time. Mize alikuwa ametoka Unguja arusini, amerudi na habari za maua meusi yanayong'ara.

"Shangazi, siku hizi wanatia piko. Inakoza mara moja."

"Piko ni ya nywele za vizee wanaoficha mvi," Bi Time akasema. "Haingii katika hina yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Asubuhi ya siku yenyewe Bi Time alikuwa barazani na Thuraiya na wageni wengine. Mize na mie tulikuwa jikoni. Nilikuwa nakata ndimu. Nikanyanyua kichwa, namwona katoa kikapuni kipakti chenye picha ya mwanamke wa nywele ndefu, anamimina unga mweusi ndani ya bakuli na kukoroga. Akageuka. Akaniona nimemwona. Akatabasamu, akaweka kidole mdomoni.

"Kidogo tu, Mama. Ili ikoze."

Mama! Siku zote mie ni Bi Mgeni. Nikayeyuka pale pale, mjinga mie, nikarudi kwenye ndimu zangu.

Tukatoka na bakuli. Bi Time akatoa kiganja chake cha kushoto, kama kawaida. Mize akamwambia, "Nimeshaijaribu mie, Shangazi, tazama," akamwonyesha kiganja chake, na kweli kilikuwa na doa, lakini doa la wiki iliyopita. "Na gari yao inangoja." Bi Time akainama na macho yake yale yenye ukungu, akatazama, akaridhika. Akaurudisha mkono wake mapajani, na Mize akaanza kumchora Thuraiya. Miaka ishirini na mbili hakuacha, siku ile akaacha, kwa kuwa aliyesema ni mtoto aliyemlea. Nami nimekaa pale nimebana mdomo.

Siku ya tatu wakarudi, Bwana Sleiman na dada yake Bi Ghania. Thuraiya kavimba mikono. Kila ua limetoka malengelenge, kila jani, mpaka kwenye kifundo, na amelala ndani ya fungate yake anapepewa na mama mkwe. Hawakutukana, watu wenye adabu, na afadhali wangetukana. Uwanja ukajaa majirani.

"Hina yangu haijamuunguza mtu," Bi Time akasema. "Mize, mwanangu, ulitia nini?"

Mize akapiga magoti akalia. Machozi alikuwa nayo, tena mengi.

"Mie natumwa tu! Nimechanganya alichonipa Shangazi. Mti wenyewe umeota kwenye jiwe la chumvi, haumwagiwi maji, labda umegeuka sumu. Mie nitajuaje?"

Ebo! Na watu walivyo wepesi! Uwanja mzima ukageuka kuutazama mti, utadhani nao utajibu. Mmoja akasema alikuwa na wasiwasi nao siku zote. Mwengine akasema mti unaoota juu ya jiwe una wenyewe wasioonekana. Hawa hawa ndio waliopakwa majani yake, na binti zao, na hakuna hata mmoja aliyepata kipele.

Bi Time hakupiga kelele. Akageuza uso upande niliokaa mie.

"Mgeni. Ulikuwamo jikoni. Sema ulichokiona."

Ahmada alikuwa kasimama mlangoni, kanitumbulia macho, na arusi yake ishatiwa siku. Mize kanyanyua uso, analia na kunitazama. Nilikuwa na neno moja la kusema, na neno lenyewe fupi.

"Mie nilikuwa nakata ndimu," nikasema. "Sikuona kitu."

Vuai, kwa haya zake mbele ya Bwana Sleiman, akachukua panga akaukata mhina mpaka usawa wa jiwe. Ulikuwa umechanua. Bi Time alisimama karibu, kanga imemshuka begani haipandishi, mpaka tawi la mwisho likaanguka na mbuzi wakaingia kula. Kutoka siku ile hakuna aliyebisha hodi kutaka hina. Ahmada akamwoa Mize, aliyempaka alitoka Chake, na Bi Time alihudhuria, akakaa pembeni na kiganja chake kitupu. Baadaye wakahamia Unguja. Mize anapaka piko huko, ana wateja, kila Iddi ananiletea doti ya kanga. Shangaziye hajamletea hata salamu. Shukrani ya punda mateke, watu husema. Kweli, lakini siku ile punda walikuwa wawili.

Masika yalipokuja, niliamka kwenda kuwasha moto nikaona jiwe limetoka vijani. Chipukizi kumi na moja, nilizihesabu, jani na mwenzake, jani na mwenzake. Mizizi ilikuwa ndani ya jiwe, panga la Vuai lingeifikia wapi! Nililia nikajipangusa kwa mikono yenye masizi. Nikamshika Bi Time mkono nikampeleka, akapapasa kwa vidole, akarudi ndani.

Majani yalipotosha, akayachuma kwa kupapasa. Akaanika, akatwanga, akachunga, akakanda. Nikamuuliza unampaka nani, hakuna arusi.

"Leta mkono wako," akasema. "Wa kushoto."

Akanitia tone kiganjani, akanifumba vidole, akaushika mkono wangu ndani ya mikono yake. Tukakaa hivyo mpaka likakauka.

"Imekoza?"

"Imekoza, Bi Time."

"Inaunguza?"

"Haiunguzi."

"Sema kwa sauti, mie sioni."

"Haiunguzi!"

Akaniachia mkono. "Mize alikuwa mtoto," akasema, "alitaka sifa. Lakini wewe, Mgeni, wewe nilikuita kwa jina."

Neno hilo hajalirudia mpaka leo. Tunakula sahani moja, Vuai tulimzika pamoja, eda tulikaa pamoja. Ila kila akikanda hina, na hukanda kila mhina ukitosha, hata asipokuwa na wa kumpaka, huniita nipeleke mkono wa kushoto. Doa sasa liko kwangu. Nikiinua mikono kuomba dua ndilo linaloanza kunitazama, na watu wakija mimi hulifunika kwa kanga.

Juzi wakapita tena watu wa Chake, wanawake watatu na vikapu vyao vya pweza, wakaonyesha kwa kidevu. Sijui nini kilinipanda. Niliacha moto, nikatoka, nikawafumbulia kiganja mbele ya macho yao.

Bi Time akaita kutoka ndani, "Mgeni! Unasema na nani?"

"Na watu wa Chake."

"Unawambia nini?"

"Nawambia kuwa nilikiona. Kile kipakti. Nilimwona Mize anatia, nikanyamaza."

Wale wanawake wakaanza kutazamana. Kisha nikamsikia Bi Time anasogeza kibao chake karibu na mlango.

"Sema kwa sauti," akasema.