Ndege Izunguke

Nakumbuka asubuhi moja ambayo ndege ilinyimwa mahali pa kutua, na aliyeinyima ni nyanya yangu, dani wangu kama mimi nilivyo dani wako, mwanamke asiyekuwa na hata viatu.

Mjukuu wangu, najua ukisikia ndege unafikiria uwanja wa lami. Zile za utotoni mwangu Kisumu zilikuwa na tumbo la mashua, na zilitua ziwani. Zikishafungwa kwenye boya, motaboti ilikwenda kuwashusha abiria, mabibi wenye kofia na mabwana waliokuwa wakielekea kusini. Lakini kabla ya kutua king'ora kililia, na kila mtumbwi ulitakiwa utoke majini. Hatukuulizwa kama tuna safari. Ziwa letu wenyewe, tunaoga humo, tunakunywa humo, halafu tunafukuzwa kama kuku walioingia jikoni.

Siku hiyo shangazi yangu Akinyi alikuwa amelala ndani ya mtumbwi wetu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Mkunga wa kijijini alikuwa ameshindwa, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya ghuba. Nyanya alikaa nyuma akipiga kafi, mimi mbele, kitoto chenye mikono myembamba. Tulikuwa katikati king'ora kilipolia.

Motaboti ikatujia mbio. Aliyeiendesha alikuwa kijana wa kwetu, amevaa sare.

"Mama, rudini. Ndege inakuja."

Nikaweka kafi chini. Nyanya akaniambia bila kupandisha sauti, "Nani amekwambia uache?" Kisha akamgeukia yule kijana. "Hiyo ndege ina mafuta?"

"Inayo."

"Basi izunguke. Mtoto huyu hawezi kuzunguka."

"Mama, ina wakubwa ndani."

"Na humu mna watu."

Akaendelea kupiga kafi. Kijana akamtazama shangazi, akapandisha bendera nyekundu ya kuizuia ndege isitue. Ndege ilikuwa imeshuka kiasi cha kuona madirisha yake. Ikanguruma, ikainuka tena, ikaenda kuzunguka juu ya vilima. Niliogopa, sikufichi, lakini pia nilifurahi kwa namna ambayo sijaisahau.

Mtoto alizaliwa hospitalini siku hiyohiyo. Ndiye babu yako Ouma, yule anayekupigia simu kila Jumapili kukuuliza umekula nini. Nyanya aliitwa kwa chifu, akakaripiwa mbele ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaaga, akaenda kumbeba mjukuu wake. Radhi hakuomba.

Sasa wewe. Jana ulikaa hapa kwangu Hopkins, huku ughaibuni, miguu imevimba kwa ujauzito, ukaniambia, "Dani, nime-postpone kliniki. Kazini wako short, supervisor ameniomba nichukue shift." Presha yako imepanda, daktari amekuonya usikose, na wewe unageuza mtumbwi kwa sababu king'ora kimelia. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Sisemi udharau kazi. Wale wazee unaowaogesha wanahitaji mtu, nami ni mzee, nalijua hilo. Lakini jengo lile la kutunzia wazee lina mameneja, lina simu, lina watu wengine wa kuita. Mtoto wako ana wewe tu.

Kwa hiyo nasema wazi, nawe uwaambie wenzako wote mnaokubali kila shift kwa kuogopa kuonekana wabaya. Mtu akikuamuru umpishe, angalia kwanza ni nani kati yenu anayeweza kuzunguka. Kama ni yeye, azunguke. Usimtukane, usimlilie, usijieleze sana. Piga kafi.

Chukua simu sasa hivi, nikikuona, urudishe kliniki yako. Mungu akuvushe, wewe na huyo uliyembeba, mfike ng'ambo mkiwa wazima. Wakikuita ofisini kukukaripia, nenda ukasikilize mpaka mwisho, kisha uage, urudi nyumbani kumngoja mtoto wako.