Firigisi ya Diwani

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Asubuhi hutoka Ziwani bila safari maalumu, na ajabu ni kwamba miguu hunifikisha Kaloleni kwa Mama Khavere ugali ukiwa unageuzwa.

Mama huyu alifagia ukumbi wa mtaa mpaka akastaafu. Wanawe wako mbali. Anaishi na paka aliyemwokota chini ya jukwaa la ukumbi huo, akamwita Diwani kwa sababu huonekana tu penye chakula. Akilitaja jina hilo hunitupia jicho mimi. Sijawahi kuuliza kwa nini.

Majuzi nilimkuta hajawasha hata jiko. Diwani alikuwa kwenye kona, amejikunyata, manyoya yamesimama, hali kitu, hataki kuguswa tumbo.

"Sumu ya panya hiyo," nikasema. Kwetu mtaani mnyama akiugua ni sumu, na dawa ya sumu ni maziwa. Nikamnywesha. Akatapika ndani ya kiatu changu.

"Basi ni mfupa wa samaki." Nikampanua mdomo niutafute. Akaniuma.

"Basi ni ini."

"Mzee Odero," Mama Khavere akasema polepole, "shule uliachia wapi?"

"Darasa la nne."

"Mlisomeshwa paka?"

"Tuliishia kwa ng'ombe."

"Haya, beba kikapu twende kwa daktari."

Daktari wa mifugo, Kalekye, alimpima damu na kumpiga picha ya tumbo. Akasema ni kongosho, kiungo kidogo karibu na tumbo kinachosaidia kusaga chakula. Kimevimba ghafla, na mara nyingi chanzo hakijulikani.

"Sumu huonekana hivi hivi," akasema. "Mfupa uliokwama pia. Ini vilevile. Ndiyo maana tunapima."

Nikavimba kichwa. "Mama, si umesikia? Zote nilizitaja!"

"Ukazitaja zote, ukazikosa zote. Hiyo nayo ni kazi."

Diwani akalazwa, akawekewa dripu, akapewa dawa ya maumivu na ya kichefuchefu. Alipomruhusu, daktari alituonya: lazima ale. Paka akikaa na njaa, ini nalo huharibika. Asipokula leo, arudi awekewe mpira wa kumlishia.

Mama Khavere akachinja kuku. Diwani akanusa supu, akageuka. Akanusa kidari kilichochambuliwa, akafumba macho. Mama alikuwa chini sakafuni, leso ameshajifunga, kikapu kando yake tayari kwa kurudi.

"Huyu akienda," akasema, "jioni nitaongea na nani?"

Ningemjibu "na mimi", ila macho yangu yalikuwa kwenye sahani. Kwao Maragoli firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba, na asipokuwepo, ni ya mgeni wa heshima. Miaka yote hiyo nimeila mimi, nikijihesabu mtu mkubwa.

Mama akanyoosha mkono, akaitoa firigisi kwenye sahani yangu bila hata kusema samahani, akaikatakata.

Diwani akafumbua jicho moja. Akalamba. Kisha akala, kipande baada ya kipande, akinitazama usoni.

"Haya!" Mama akacheka huku akijipangusa machozi kwa leso. "Kumbe mwenye nyumba alikuwa anangoja haki yake. Mzee Odero, wewe chukua shingo."

Nikachukua shingo. Tangu siku hiyo nikibisha hodi, hungoja kwanza nisikie kama Diwani ameshakula.